Kiwanda na Kidaka: Uhakiki wa Mwanga na Muundo katika Nyumba ya Mawe ya Lamu

Ukimwuliza mwanafunzi wa Kiswahili wa siku hizi maana ya neno kiwanda, atakujibu pasi na kusita kwamba ni mahali panapotengenezewa bidhaa kwa mitambo: kiwanda cha sukari, kiwanda cha saruji, kiwanda cha nguo. Ukimwuliza mzee wa Mkomani mjini Lamu, naye atakujibu pasi na kusita, lakini huenda jibu lake likawa jingine kabisa. Kwake yeye kiwanda ni ule uwazi usioezekwa ulio ndani ya nyumba ya mawe, ambao vyumba huuelekea, na ambao kwao mwanga na hewa huingia. Majibu haya mawili hayapingani. Kiwanda ni uwanda mdogo, na uwanda ni mahali peupe pasipofunikwa. Twaweza kudhani kwamba kazi ilifanyiwa hapo kwa kuwa hapo ndipo jicho lilipoona. Kisha neno likasafiri pamoja na kazi mpaka likaingia chini ya mabati na taa za umeme, likauacha nyuma ule mwanga uliolizaa.

Makala haya yanakusudia kuirudia njia hiyo kinyumenyume. Tutaitazama nyumba ya mawe ya Lamu kama tunavyoutazama utungo: tutauliza imeundwa namna gani, muundo wake unaruhusu nini na unakataza nini, na kila pambo lililomo lina kazi gani. Hoja yetu ni kwamba nyumba hii imetungwa juu ya mambo mawili, yaani urefu wa boriti na njia ya mwanga, na kwamba asiyeyajua mambo hayo ataisoma vibaya nyumba yenyewe na pia fasihi iliyoitaja. Mwishoni tutasema neno juu ya wajibu wa wanalugha, kwa sababu maarifa haya yamehifadhiwa katika maneno, na maneno hayo yanatutoka.

Boriti kama mizani

Wakata mikoko wa Lamu hawaiiti miti yao kwa jina moja. Huipanga kwa unene, nao kila unene una jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na kuendelea. Boriti ndiyo inayobeba dari. Ni mti mgumu sana, haushambuliwi upesi na mchwa, na katika nyumba za wenye uwezo ulichongwa pande nne na mara nyingine kutiwa rangi. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe ya matumbawe, na juu ya vipande hivyo hushindiliwa kokoto na chokaa mpaka sakafu ya juu ikapatikana. Mzigo huo ni mkubwa, na boriti ina kikomo chake. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba ya mawe, kwa kawaida, havizidi upana wa mita 2.8 au karibu na hapo, hata tajiri awe na mali kiasi gani. Urefu wa chumba waweza kuwa mara tatu ya upana wake au zaidi. Upana hauna hiari.

Wageni wengi waliokwisha kuandika juu ya Lamu wameushangaa wembamba huu wakauhesabu kuwa upungufu. Kwa maoni yetu, hilo ni sawa na kuuhesabu ufinyu wa mizani kuwa upungufu wa shairi. Mtunzi wa utenzi hawezi kuongeza mizani ya kipande apendavyo; ampatacho msomaji hukipata ndani ya mipaka hiyo, na ustadi wa mtunzi hupimwa hapo. Mwashi wa Lamu naye alipewa mita 2.8. Asingeweza kuupanua ukumbi, basi aliupanga ukumbi nyuma ya ukumbi. Kutoka kiwandani mtu huingia msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani, na nyuma ya ndani huwa nyumba ya kati. Vyumba hivi hulala sambamba, kila kimoja kimegawanywa na mwenziwe kwa ukuta mnene wa mawe na chokaa, na aghalabu kila kimoja kimeinuliwa kidogo kupita kilichotangulia. Mpangilio huu umeelezwa vyema na Usam Ghaidan katika kitabu chake cha 1975, na James de Vere Allen katika makala yake ya 1979. Sisi hapa hatuna la kuongeza kuhusu ramani. Tunalotaka kulisisitiza ni kwamba ramani hii haikutokana na mila peke yake. Mila ya sitara ilitaka vyumba vya siri vikae nyuma. Boriti ilitaka vyumba viwe vyembamba. Na mambo hayo mawili yalipokutana ndipo mfuatano huu ulipozaliwa. Kwa hiyo anayesema kwamba nyumba ya mawe ni matokeo ya dini na heshima tu, na anayesema kwamba ni matokeo ya mti tu, wote wawili wamesema nusu ya neno.

Safari ya mwanga

Sasa na tuufuate mwanga. Lamu iko takriban nyuzi 2 na dakika 16 kusini ya Ikweta. Maana yake ni kwamba jua la adhuhuri hupita karibu na utosi katika miezi ya Machi na Septemba, huelekea kaskazini katikati ya mwaka, na kusini mwishoni mwa mwaka. Mwezi wa Juni, linapokuwa mbali zaidi upande wa kaskazini, jua la adhuhuri bado liko juu kiasi cha nyuzi 64 kutoka upeo wa macho. Hesabu rahisi yatosha kuonyesha matokeo yake. Kama uwazi wa msana unaoelekea kaskazini una kimo cha mita 3, jua hilo litaingia ndani kiasi cha mita 1.4 tu, yaani nusu ya upana wa msana, kisha litakoma. Lile jua la asubuhi na la alasiri, ambalo hulala chini na ndilo liunguzalo, huzuiwa na kuta ndefu za kiwanda chenyewe. Nyumba nyingi za kale za Lamu zimeelekea kaskazini, upande wa kibla. Nasi twaona kwamba uelekeo huo, uliochaguliwa kwa ajili ya ibada, haukuidhuru nyumba kwa upande wa jua.

Hivyo basi, katika nyumba hii jua haliingii vyumbani. Kinachoingia ni mwanga uliokwisha kugusa kitu kingine. Jua hupiga ukuta wa kiwanda uliopakwa chokaa. Ukuta huurudisha mwanga msanani. Kuta na dari ya msana huupokea na kuupeleka msana wa pili. Na wa pili huupeleka ndani. Kila chumba hupokea masalio ya chumba kilichotangulia. Mtu akitembea kutoka kiwandani kuelekea ndani wakati wa mchana, macho yake hayapati kishindo cha kutoka jua kali kuingia gizani. Hushuka daraja kwa daraja. Mafundi wa majengo husema kwamba mwanga wa dirisha hufika ndani ya chumba kiasi cha mara 2 hadi 2.5 ya kimo cha dirisha hilo, kisha hufifia mno. Chumba chenye upana wa mita 2.8 na uwazi wa mita 3 kiko ndani kabisa ya mpaka huo. Wembamba ule ulioonekana kuwa upungufu ndio unaofanya ukuta wa nyuma wa kila chumba uonekane.

Hapo twaona jinsi muundo na mwanga visivyoweza kutenganishwa. Boriti fupi imezaa chumba chembamba. Chumba chembamba kimeupokea mwanga hafifu bila ya kuupoteza. Nayo chokaa, ambayo ni matumbawe yaliyochomwa, imefanya kazi ya dirisha pasipokuwa na dirisha. Upande wa njiani nyumba ni kama kipofu: kuta ndefu, vitundu vichache vilivyo juu, na daka lenye mabaraza mlangoni. Jicho la nyumba liko ndani yake.

Kidaka chasomwa vipi?

Chumba kiitwacho ndani ndicho chenye ukuta mashuhuri wa zidaka: safu juu ya safu za vishimo vidogo vilivyonakshiwa kwa chokaa, ambamo viliwekwa vyombo vya kaure, vitabu na vitu vya thamani. Hapana sehemu ya nyumba ya Lamu iliyopigwa picha zaidi ya hii, na huenda hapana iliyosomwa kwa haraka zaidi ya hii.

Usomaji wa kwanza ni ule wa fahari. Huu wasema kwamba zidaka ni maonyesho ya utajiri: mwenye nyumba alitaka kaure zake za Uchina zionekane. Usomaji huu una ukweli, lakini una tatizo lililo wazi. Ikiwa lengo lilikuwa maonyesho, mbona ukuta huo ukawekwa katika chumba ambacho mgeni wa kawaida hakuruhusiwa kukifikia? Mgeni mwanamume alipokelewa dakani, au katika sabule. Fahari iliyofichwa ni fahari ya namna gani?

Usomaji wa pili ni wa Linda Donley-Reid, ambaye katika makala yake ya 1990 juu ya nyumba ya Waswahili alieleza kwamba chumba cha ndani, na vile vile nyumba ya kati, ni mahali pa mambo mazito ya mwili, yaani uzazi na mauti, na kwamba zidaka na vyombo vyake vilikuwa kinga: vililivuta jicho na kulizuia lisidhuru. Usomaji huu ni wa kina zaidi, na una fadhila ya kueleza kwa nini ukuta huo uko pale ulipo. Hata hivyo waacha swali moja bila ya jibu. Kinga ingaliweza kuwa hirizi moja juu ya mlango. Kwa nini vishimo vingi hivyo, kwa nini vimepangwa kwa safu, na kwa nini vya chokaa nyeupe?

Hapa twapendekeza usomaji wa tatu, ambao hauyatupi yale mawili ya kwanza. Ukuta wa zidaka ndio ukuta wa mwisho ambao mwanga wa kiwanda huufikia. Milango ikiwa wazi, huonekana kutoka mbali, ukiwa umepangwa nyuma ya vyumba viwili. Kama ungekuwa ukuta mtupu, mwanga hafifu ungeenea juu yake sawasawa, na jicho lingeona kijivu tu. Kishimo hukata mwanga huo. Ukingo wake hupokea, kina chake hukataa, na baina ya hivyo viwili huzaliwa mstari. Vishimo vingi vikipangwa kwa safu, mwanga mdogo huonekana kuwa mwingi, kwa sababu jicho hupima mwanga kwa kulinganisha weupe na weusi ulio jirani. Kaure nayo ina uso wa kioo; iwekwe katika kivuli cha kidaka, nayo itaudaka mwanga wa mlangoni na kumeta. Tena chumba chembamba huonekana kuwa kipana, kwa sababu ukuta umepewa kina.

Lugha yenyewe yatupa ushahidi kidogo. Kidaka ni daka dogo. Daka la mlangoni, panapoketi watu, na kidaka cha ndani, kinapoketi chombo, vimepewa jina moja kwa kuwa vyote viwili ni nafasi iliyochimbwa katika unene wa ukuta, kimoja mwanzoni mwa safari ya mtu na kingine mwishoni mwa safari ya mwanga. Na neno shubaka, ambalo baadhi yetu hulitumia kwa maana ya kishimo cha ukutani, lina asili katika neno la Kiarabu lenye maana ya dirisha. Neno lililokuwa tundu la kupitishia mwanga limekuwa, kwetu, kishimo kisichotokea upande wa pili. Hatudai kwamba mabadiliko haya ya maana ni hoja ya kutosha peke yake. Twasema tu kwamba wasemaji wa lugha hii hawakuona ajabu kukiita kishimo kwa jina la dirisha.

Al-Inkishafi na viumbe wa giza

Na tuujaribu usomaji huu katika fasihi. Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir juu ya kuanguka kwa Pate, umechapishwa na kufafanuliwa mara kadhaa: na W. E. Taylor katika kitabu cha Stigand cha 1915, na Hichens mwaka 1939, na Allen mwaka 1977. Aghalabu wahakiki wameufundisha kama mawaidha juu ya ubatili wa dunia, na sehemu inayoeleza nyumba zilizobomoka imechukuliwa kuwa mfano wa ubatili huo: palipokuwa na anasa sasa pana magofu. Hatupingi. Lakini mawaidha ya namna hiyo yangaliweza kutolewa kwa mfano wa jahazi lililozama au shamba lililoota magugu. Mshairi alichagua nyumba, na hakuitaja nyumba kwa jumla. Alitaja zidaka, akataja nyumba ya kati, akataja msana. Alitutembeza chumba kwa chumba, na katika kila chumba akatuonyesha kiumbe kilichohamia.

Tuwatazame viumbe hao. Ukiwaacha makinda ya ndege yaliyolala katika zidaka, miongoni mwa wengine wamo bundi, popo, mende na nyenje. Karibu hawa wote wanne ni viumbe wa usiku. Kabla ya hapo mshairi alikuwa amekwisha kueleza jinsi nyumba hizo zilivyong'arishwa kwa taa za vioo na za shaba, hata usiku ukashabihi mchana. Sasa msomaji anayeijua ramani ya nyumba ataona kilichotendeka. Zamani, katika nyumba hizo, binadamu aliufanya usiku kuwa mchana. Leo, katika nyumba zile zile, mchana umekuwa usiku. Giza halikuletwa na kuzimika kwa taa pekee. Chokaa isiyopakwa huwa nyeusi kwa ukungu. Kiwanda kisichofagiwa humea. Kuta zisizoakisi hazipeleki kitu mbele. Na ndani, chumba kilichotegemea hisani ya vyumba viwili vya mbele yake, hubaki pasipo na chochote. Kidaka kilichokuwa na kaure ya kudaka mwanga sasa kina kiota.

Hivyo picha ya mshairi si orodha ya wadudu wa kuchukiza. Ni maelezo ya mfumo uliokatika. Nyumba hii haikuwa na mwanga wake yenyewe. Iliupokea na kuupitisha, na kuupitisha huko kulihitaji mkono wa mtu kila mwaka: kupaka, kufagia, kufungua. Mtu akiondoka, mwanga nao huondoka, hata kama paa bado limesimama. Kwetu sisi, maana ya mshairi inazidi kuwa nzito hapa kuliko katika usomaji wa ubatili peke yake. Anasema kwamba nuru ya mji ni kazi, si mali.

Kasoro isiyofaa kufichwa

Mhakiki anayeisifu nyumba hii bila ya kuuliza nani aliketi wapi atakuwa amefanya kosa lile lile tunalowalaumu wengine. Kazi ya kupaka, kufagia na kuteka maji haikufanywa na mwenye zidaka. Katika nyumba nyingi za ghorofa, mwungwana na jamaa yake walikaa juu, na chini yao, karibu na ardhi, palikuwa na stoo na makazi ya watumwa. Mwanga unaoshuka kiwandani hupungua kadiri unavyoshuka. Wa juu alipata wa kwanza, wa chini alipata mabaki. Mfuatano ule tuliousifu, wa chumba kupokea masalio ya chumba, ulikuwa pia mfuatano wa watu.

Tena nyumba ya mawe haikuwa nyumba ya Waswahili walio wengi. Walio wengi walikaa, na bado wanakaa, katika nyumba za kiambaza: nguzo, fito na udongo uliokandikwa, na juu yake mwamba, makombamoyo na makuti. Nyumba hiyo nayo ina elimu yake ya mwanga, na wahakiki hawajaishughulikia inavyostahili. Ukuta wake hausongi paa. Baina ya mtambaapanya na makuti hubaki mwanya ambao moshi hutokea na mwanga huingia, umepozwa na ukingo wa paa unaoshuka chini. Kazi za mchana hufanyiwa barazani mbele au uani nyuma. Kwa hiyo twaona kanuni moja katika nyumba ya tajiri na ya maskini: kivuli kwanza, mwanga baadaye, na mahali pa kazi pawe baina ya viwili hivyo. Tofauti ni kwamba mmoja aliijenga kanuni hiyo kwa jasho lake, na mwingine kwa jasho la mtu mwingine.

Mahali pa kazi ya jicho

Suala hili si la wanahistoria peke yao. Kila anayesoma makala haya hufanya kazi ya jicho: husoma, huandika, husahihisha. Je, twafanyia wapi?

Nilipokuwa nikisomea shahada ya pili ng'ambo, nilifundishwa na rafiki mchoraji kwamba chumba cha kuchorea sharti kiwe na dirisha kubwa la kaskazini, kwa sababu kutoka huko mwanga hauna jua na haubadiliki siku nzima. Kwao kanuni hiyo ni sahihi, kwa kuwa karibu mwaka mzima jua lao hupita upande wa kusini. Nilirudi nayo nyumbani kama watu wanavyorudi na koti zito. Kwetu, tulio karibu na Ikweta, jua hupita kaskazini nusu ya mwaka na kusini nusu nyingine. Hapana upande ulio salama daima. Usalama hauko katika upande. Uko katika kivuli, katika kina cha ukuta, na katika uso mweupe unaourudisha mwanga. Hayo ndiyo mwashi wa Lamu aliyoyatumia.

Wasanifu wa majengo wa kigeni waliokuja kufanya kazi katika nchi za joto hawakuwa wajinga wa mambo haya. Maxwell Fry na Jane Drew waliandika mwaka 1956, na Otto Koenigsberger na wenzake mwaka 1974, vitabu vilivyosisitiza kivuli, upepo na uelekeo wa jengo. Vitabu hivyo vingali vinasomwa. Lakini chumba ninachofundishia mimi, katika jengo ambalo sitalitaja, kina ukuta mzima wa kioo unaoelekea magharibi. Kila alasiri jua huingia mpaka safu ya tatu ya madawati. Wanafunzi huvuta mapazia; chumba huwa giza; nasi huwasha taa. Mara kadhaa nimefundisha Al-Inkishafi katika hali hiyo: nje jua la saa tisa, ndani taa za umeme, na sisi tukijadili nyumba zilizogeuza usiku kuwa mchana, ilhali yetu imegeuza mchana kuwa usiku. Siku moja mwanafunzi mmoja aliuliza msana ni nini. Kamusi tuliyokuwa nayo darasani haikumsaidia. Nilichora ubaoni. Nilipomaliza kuchora niligundua kwamba hata mimi nilikuwa nimelifundisha beti hilo kwa miaka minne bila ya kujua mtu huyo wa Pate alikuwa amesimama wapi, na anaangalia upande gani.

Swali hilo ndilo lililozaa makala haya.

Wajibu wa wanalugha

Mji wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na kabla ya hapo, mwaka 1986, Francesco Siravo na Ann Pulver walikwisha kuandika mpango wa kuuhifadhi. Mawe, basi, yana watetezi wake. Maneno hayana. Nguzo za zege na nondo zimemwondolea mwashi kikomo cha mita 2.8, chumba kipana sasa chawezekana, na kwa hiyo msana haujengwi tena, na kisichojengwa hakitajwi. Wakati huo huo tunaketi katika kamati za istilahi tukitafuta maneno ya usanifu wa majengo, na mara nyingi tunayatafsiri kutoka Kiingereza, ilhali tekani, wikio, sabule, mfaa na mtambaapanya yamelala katika vinywa vya mafundi wachache wenye umri mkubwa.

Twapendekeza mambo mawili. La kwanza, kamusi zetu zisiridhike na kueleza maneno haya kwa neno moja la jumla, kama vile "chumba" au "ukumbi". Maana ya msana si chumba; ni chumba chenye upande mmoja ulio wazi kwa kiwanda, kinachopokea mwanga na kuupitisha. Ukiiondoa sehemu hiyo ya pili, umeondoa maana. La pili, mwalimu anayefundisha tenzi za kale na awapeleke wanafunzi wake nyumbani kabla ya kuwapeleka kwenye beti. Asiyeweza kufika Lamu na achore ubaoni, kama nilivyochora mimi, lakini asichelewe kwa miaka minne.

Huenda mtu akasema kwamba huu ni uhakiki wa mawe, si wa fasihi. Jibu letu ni kwamba mshairi wa Al-Inkishafi hakuitenganisha kazi hiyo. Alipotaka kuusemesha moyo wake juu ya mauti, aliuingiza mlangoni, akaupitisha chumba kwa chumba, akauonyesha mwanga ulikokuwa na usiko tena. Msomaji asiyeijua njia hiyo atayasikia maneno yote na atabaki nje, dakani, pamoja na wageni.